Vita vya Viti Hamsini na Kimoja

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, na asiye na masikio aazime kwa jirani, kwa maana leo inasimuliwa habari nzito ya Mpanga Viti wa ukumbi wa mikutano, jemadari wa plastiki, simba wa stoo, aliyekwenda vitani dhidi ya hamsini na moja akiwa na silaha zote isipokuwa akili.

Amri ilitoka asubuhi kwa Mkuu wa Ukumbi: wageni wanakuja saa nane, viti vyote hamsini na kimoja vipangwe kwa safu zilizo sawasawa, kisibaki hata kimoja. Jemadari akagawa kwa mbili, kimoja kikabaki. Akagawa kwa tano, kimoja kikabaki. Kwa kumi, vivyo hivyo. Tatu hakuigusa; aliiona ya kitoto, haimfai mtu wa cheo chake.

Ndipo akapanda jukwaani kuwahutubia walimwengu, ambao siku hiyo walikuwa mtu mmoja tu: mke wa kaka yake, mpiga deki wa ukumbi.

"Shemeji, tua hiyo ndoo unisikilize! Namba hii ni tasa! Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe! Inaishia na moja, kama kumi na moja, kama thelathini na moja, kama arobaini na moja, na zote hizo ni tasa!"

"Na ishirini na moja je? Si saba mara tatu hiyo?"

"Hiyo ni namba ya jikoni! Mimi nazungumzia namba za ukumbini! Hii ikigawanyika, funguo za stoo chukua wewe, na cheo changu juu!"

"Haya, nimesikia," alisema shemeji, akaendelea kupiga deki.

Masikini, funguo zile ndizo zilizokuwa fahari yake yote. Miaka tisa alizining'iniza kiunoni, na bila hizo hata yeye hakujua angekuwa nani.

Akaingia stoo kwa kishindo ili athibitishe kwa vitendo. Viti vilipachikwa kimoja juu ya kingine, kumi na saba kila rundo, kwa kuwa cha kumi na nane kiligonga rafu. Yeye mwenyewe ndiye aliyevipachika hivyo kila jioni, na marundo hakuwahi kuyahesabu hata siku moja. Akaburuta rundo la kwanza, akalitandaza likawa safu. La pili likalingana nalo. La tatu likalingana pia. Akarudi kuchukua vilivyobaki, akakuta sakafu tupu.

"Tatu mara kumi na saba!" akanguruma, mikono juu. "Imeanguka! Nimeiangusha mimi, peke yangu, bila msaada wa mtu!"

Shemeji alikwisha kukausha mikono. Akakinga kiganja.

"Hongera sana, shemeji. Lete."

Akazifungua kiunoni moja moja, akampa.

Iandikwe basi katika tarehe za mashujaa kwamba siku ile, saa tano kasoro robo, hamsini na moja ilivuliwa utasa na mtu yule yule aliyeapa kuulinda, na kwamba mshindi huyo, utukufu ukiwa bado mbichi kichwani pake, aliomba ruhusa ya kuingia stoo kuchukua koti lake.