Masikio Yangu Mbele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Agosti
Ushindi! Mama mkwe anapanda ndege kwenda Nairobi kumwona mjukuu, na msindikizaji ni mimi, Ngumbao. Nilimwambia nimezoea ndege. Si uongo: kila siku zinapita juu ya nyumba yetu hapa mtaa wa Barani, Malindi. Mwanyumba wangu Kiponda, aliyeoa dada ya mke wangu, amenuna. Nikiaibika, nafasi yangu ya mkwe mpendwa anaichukua yeye.

Jumanne, 13 Agosti
Mke wangu Dorcas, mwalimu wa sayansi, kanieleza sikio. Maajabu! Ndani mna vijifereji vitatu vya maji. Ukiinamisha kichwa maji yanacheza, nawe unajua umeegemea wapi. Tena kuna kijia hadi kooni. Ndege ikishuka, hewa ya nje inaisukuma ngoma ya sikio. Ukipiga miayo, kijia kinafunguka, mambo yanakuwa sawa. Fundi gani huyu aliyeunda kitu hiki!

Dorcas kanisihi nipige miayo. Mbele ya mama mkwe? Nimwonyeshe hadi magego? Bora pamba.

Jumatano, 14 Agosti
Mazoezi. Nimejizungusha uani ili vijifereji vizoee. Nikasimama, ua ukaendelea kuzunguka. Nikaangukia banda la kuku. Kiponda alikuwa anapita, akanipa pole huku akicheka. Lakini maji yale kweli yanacheza! Nimeyavulia kofia.

Alhamisi, 15 Agosti
Nairobi. Pamba masikioni, mdomo nimeubana. Ndege ikapinda. Nilikuwa nimefumba macho, na masikio yakaniapia tunakwenda sawa. Kufumbua, mji mzima umelala ubavu! Nikakamata mkono wa kiti. Ulikuwa mkono wa mama mkwe. Aibu!

Tukaanza kushuka. Masikio yakauma kama yamepigiliwa misumari. Mama mkwe anapiga miayo kama kiboko wa Mto Sabaki, akinionyesha nami nifanye hivyo. Nikakataa, kwa heshima. Tulipotua sikusikia kitu. Kila alilosema nilitikisa kichwa kukubali.

Ijumaa, 16 Agosti
Alfajiri mwayo umenitoka wenyewe. Paa! Nikasikia kila kitu: jogoo wa jirani, chai ikichemka, na mama mkwe jikoni akimpigia Kiponda simu. Alimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Aje yeye amrudishe Malindi; Ngumbao mwenyewe ameshakubali.

Kila neno nimelisikia, wazi kabisa, kupitia ukuta. Sikio ni ajabu, jamani! Nimelia kidogo.

Ila kosa nimeligundua. Pamba ilikuwa chache. Safari ijayo naziba na pua.