Namba Arobaini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi 1985
Mama Laurentine, muuguzi wa dispansari, amepita mtaani na tata Stanislas, mzee anayechora ramani ya nyumba zetu. Chaki kwenye kila mlango. Mimi ni 42. Anasema kila nyumba ya saba itaulizwa juu ya watoto walioungua, walioanguka, waliokunywa vitu vibaya. Eti wajue ni wapi Kolwezi watoto wanaumia zaidi. Siamini. Nani atembee juani kuhesabu makovu ya watoto wa wengine? Wanatafuta mafuta ya taa ninayouza bila patente, yaani leseni. Aliyewaambia ni jirani Polycarpe, karani. Siku hizi ananisalimia mno.

Jumanne, 5 Machi
Nimehesabu. Arobaini na mbili inagawanyika kwa saba. Alfajiri nimefuta chaki na kubadilisha namba: 42 sasa ni Polycarpe, mimi 43. Mafuta, yaliyo kwenye chupa za limonadi, nimeyaficha chini ya kitanda cha watoto. Mke wangu Asia akauliza kwa nini pale. Nikamjibu kwamba wapelelezi hawapigi magoti.

Jumatano, 6 Machi
Mama Laurentine ameingia kwa Polycarpe. Nimesikiliza ukutani. Wanacheka. Watu wanaozungumzia majeraha hawacheki.
Kisha kelele ya Asia. Binti yetu Shida, miaka mitatu, amekunywa mafuta kutoka chupa moja. Asia alitaka kumtapisha. Mama Laurentine akaja mbio: “Mama, usimutapikishe. Mafuta itaingia mu mapafu.” Akampakata, Polycarpe akawasha pikipiki. Nikakimbia nyuma yao hadi dispansari, bila viatu. Sijawahi kuogopa vile.

Ijumaa, 8 Machi
Shida amerudi, anapumua vizuri. Alhamdulillahi. Mama Laurentine ameniambia kwa upole kwamba swali lake la kwanza ni hilo: mafuta ya taa mnayaweka wapi? Nikainamisha kichwa.
Lakini nimefikiri. Ilikuwaje awe karibu hivyo, siku ile ile?

Jumamosi, 9 Machi
Ramani ya Stanislas imenisaliti. Huko bado mimi ni 42. Asia alikuwa amepandisha chupa juu ya kabati. Nimezirudisha chini ya kitanda, maana juu zinaonekana.
Mama Laurentine akaingia kwangu, akaketi, akafungua karatasi. Je, mwaka huu kuna mtoto aliyeumia katika nyumba hii?
Nikamtazama usoni. Nikasema hapana, hata mmoja.
Hakuandika. Shida alikuwa amelala mapajani mwake.