Ombi la Kumwacha Mwalimu wa Joto Machimboni

Nyarero, Tarime
9 Septemba 1993

Kwako Mama Felistas, Mkuu wa Shule, mlezi wa watoto wetu,

Kwa kuwa karatasi haiwezi kuniamkia, naihesabu shikamoo yako kuwa nimekwisha kuipokea, nami naitikia marahaba. Uniwie radhi kwa kukuchosha macho na mwandiko wa mzee aliyefundishwa na mapadri kwa kalamu ya kuchovya.

Umetutaka wanakamati tuandike kabla ya Ijumaa kama tunakubali wazee waende machimboni kumbembeleza Mwalimu Odera arudi kufundisha Fizikia. Naelewa kwamba asiporudi, darasa hilo litafungwa, na watoto wa kidato cha nne, akiwemo mjukuu wangu Veronika, hawataufanya mtihani huo Novemba. Pamoja na hayo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba wazee wasiende. Mwalimu amepata shimo lake. Tumwache achimbe dhahabu kwa amani. Sababu zangu ni hizi.

1. Maji ya kuoga. Marehemu mke wangu Agustina aliniandalia maji kwa miaka thelathini na minane kwa kuchovya kiwiko, na hakuwahi kukosea. Tangu Mwalimu afundishe mada ya joto na kumwachia Veronika kipimajoto cha shule, ninaoga kwa hesabu: lita tatu za nyuzi tisini, lita saba za nyuzi ishirini, mchanganyiko nyuzi arobaini na moja. Hesabu ni sahihi, nimeikagua mwenyewe. Lakini kitabu kinaagiza kwamba beseni na upepo visihesabiwe. Mama, mwandishi wa kitabu hicho hajapata kuoga Nyarero mwezi wa Julai. Nilipolalamika kwamba natetemeka, nilijibiwa, "Babu, kwa mujibu wa hesabu hutetemeki."

2. Chai. Mzee Wangwe alinitembelea. Kabla ya kumiminiwa aliulizwa na Veronika kama atakunywa sasa hivi au baada ya robo saa, ili ijulikane maziwa yatiwe lini chai isipoe upesi. Wangwe akanigeukia: "Magaigwa, nimekuja kunywa chai au kufanyiwa usaili?" Akachukua kofia yake. Hajarudi.

3. Heche. Kijana huyu, jirani yetu, alitoka machimboni na kipande kinachong'aa cha gramu mia moja, akachinja mbuzi na kutangaza idadi ya ng'ombe wa mahari. Veronika alikichemsha kipande hicho, akakitumbukiza katika kikombe cha maji baridi, akasoma kipimajoto, kisha akasema mbele ya wageni wenye nyama mdomoni: "Kaka Heche, dhahabu haibebi joto namna hii. Maji yangepanda nyuzi mbili tu, nayo yamepanda nane. Hili ni jiwe." Nakiri kwamba mnunuzi wa Tarime alisema hivyo hivyo wiki iliyofuata. Lakini mnunuzi angesema faraghani, na mbuzi angekuwa ameliwa kwa furaha hadi kwato.

4. Dini. Katekista Mogesi alitusomea habari za yule tajiri aliyekuwa motoni, akiomba Lazaro achovye ncha ya kidole majini aupoze ulimi wake. Veronika aliomba kalamu. Akakokotoa kwamba tone moja lisingeupoza ulimi ule hata nusu nyuzi. Katekista akasema kwa upole, "Binti, tajiri yule hakusoma Fizikia." Akajibiwa, "Ndiyo maana akaomba tone, Katekista, badala ya ndoo."

5. Jioni zangu. Siku moja Veronika alinikuta nimekaa peke yangu jikoni. Akasema kitu chenye moto kikiachwa peke yake hupoa hadi kilingane na nyumba. Kisha akahamishia daftari lake karibu nami, na tangu hapo sina tena jioni ya kukaa bure. Nakokotoa.

Sasa fikiri, Mama, Mwalimu akirudi na kutoa mabinti kumi wa namna hii. Hakuna kijana atakayechinja mbuzi kabla ya kupima. Dhahabu itaisha wilayani kwa mwaka mmoja, maana nusu yake imo vinywani mwa watu.

Nisamehe nilipovuka mipaka. Wasalimie walimu wote, mpishi, mlinzi, na wanafunzi, hasa wale wa Historia, ambao babu zao wanaoga salama.

Ni mimi mtumishi wako,
Yeremia Magaigwa
Katibu, Kamati ya Wazazi

Tanbihi: Naomba barua hii isisomwe kikaoni. Baada ya mimi kuweka sahihi, Veronika alinionyesha swali la kumi na nne, ambapo barafu inatiwa katika maji ya moto. Mwalimu aliondoka kabla ya kulifikia. Tumelihangaikia siku tatu. Mimi kila mara napata maji yaliyo baridi kuliko barafu yenyewe. Veronika amelia, akasema bila mwalimu ni afadhali aache shule. Jambo hilo haliwezekani. Nimeazima baiskeli, na alfajiri natangulia machimboni bila kuwasubiri wazee wenzangu, daftari likiwa kwapani. Mwalimu akikataa kupanda juu, nitamwomba radhi, kisha nitashuka mimi.