Jicho la Shadya kwenye Mashine ya Abass

Jumatatu, 14 Julai 2025

Imekosa tena! Na aliyeikosesha namjua. Andika, Imakulata. Wewe mpangaji wangu kuandika unajua, mie kusema najua, tugawane kazi. Usiyapige pasi maneno yangu.

Hii mashine ya mkwe wangu Abass, kaiunda mwenyewe chumba cha uani, pale palipokuwa na kabati langu la vyombo. Inachonga chuma kwa kuamrishwa na kompyuta. Ikiambiwa nenda shubiri, iende shubiri. Haiendi! Asubuhi inapitiliza. Unywele tu, lakini ana kisaa cha mshale mmoja kinaona hata unywele. Akairekebisha kwenye kompyuta, ikakaa sawa. Jioni kapima: inapunguka!

Chuma gani hicho kinageuka nia, kama si jicho la mtu? Wiki jana Shadya, jirani, kaja kuomba ndimu. Kachungulia uani. Kasema, lo, mashine nzuri! Kanyamaza. Mashaallah hakusema! Na ndimu kachagua zile kubwa.

Ijumaa anakuja Kristofa wa Pangani, mwenye karakana ya kusokota kamba za katani. Anataka vibati vya matundu mawili, vyuma viwili vya mashine yake vipite humo kwa pamoja. Tundu likihama kidogo, havipiti. Abass anasema labda sakafu yangu inacheza. Sakafu aliyoimwaga marehemu mume wangu! Kaapa, vibati vikigoma anaihamishia mashine Pemba kwa nduguye Soud, na mwanangu Wanu anamfuata. Sanduku keshalitoa uvunguni. Mie nibaki na nani? Na wewe? Wewe utaolewa. Usicheke.

Jumanne, 15 Julai

Dawa nimezidisha. Tangu Jumamosi, Abass akienda kusali alfajiri, nasukuma chetezo cha udi chenye makaa chini ya mashine, pale chini ya parafujo ndefu inayoipeleka meza kushoto na kulia. Namfukuzia jicho. Akirudi nshakitoa. Leo nimeweka vyetezo viwili, na ubani juu.

Imepitiliza zaidi! Jicho la Shadya lina nguvu, wallahi.

Basi nimempelekea visheti. Nia yangu aje, aione mashine tena, aseme mashaallah yake, tuachane. Ananiuliza, kwani shoga, imepona? Umesikia? Ugonjwa wa mashine yangu kaujuaje? Mtu asiye na hatia hujua?

Ati unasema, Imakulata, nilimwambia mwenyewe tukianika nguo? Hilo usiandike.

Alhamisi, 17 Julai

Kaja Shadya! Asubuhi, chetezo nshakitoa zamani. Kasimama mbele ya mashine, kisheti mdomoni. Namkanyaga mguu, sema basi. Anasema, Bi Tausi, niisifu mashine inayokosa kipimo? Kibovu nacho hutiliwa mashaallah? Mbele ya mkwe wangu! Kisha ananusa. Ati mbona chumba kinanukia bibi harusi? Akashika parafujo. Kashtuka. Kasema, Abass, hii mbona ya moto, na hujaiwasha?

Abass kainama chini. Kaona jivu. Kaniangalia mie. Mie nikaangalia paa.

Nilidhani atapiga kelele. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema chuma kikipata moto hurefuka. Parafujo ikirefuka meza inapitiliza, ikipoa inapunguka. Kumbe, Mama, siku zote naipima ina homa! Kaniomba nisiweke tena moto chini ya parafujo ile. Nikaapa.

Shadya kaona tunacheka, kasema mashaallah, jamani. Mie nilimsikia kwa masikio haya. Baada ya alasiri Abass kayafuta marekebisho yake ya kompyuta, kapima: sawasawa! Nenda, rudi, mshale palepale. Kachonga kibati kimoja, vyuma vikapita vyote viwili. Wanu karudisha kanga zake kabatini.

Sasa we jiulize. Mashaallah ilisemwa, ndipo ikapona. Moto gani? Mie nilijua tangu mwanzo.

Ijumaa, 18 Julai

Kristofa kafika. Shikamoo kanipa, mtu mzuri. Kibati kakikubali, kakaa barazani kungoja vyengine vichongwe mchana huu. Lakini kabla ya kukaa kaitazama mashine juu mpaka chini. Kasema, aisee, nzuri sana hii! Kanyamaza.

Kanyamaza, Imakulata!

Najua, Mkristo mwenzio, kwao hawasemi. Jicho litauliza dini ya mtu? Vibati bado, na sanduku la Wanu bado liko nje ya uvungu. Nitulie tu?

Kiapo changu nimekishika. Parafujo ya kushoto na kulia siisogelei. Lakini ipo nyengine, ile inayoipeleka meza mbele na nyuma. Hiyo Abass hakuitaja. Abass alipokwenda kusali Ijumaa, nimeweka chetezo kimoja tu. Kidogo. Makaa kiasi cha…

Ngoja. Abass anaita. Anasema nini? Ati mbona leo inapitiliza mbele?

Umeona! Andika upesi: jicho la Kristofa yule, mie nilisema.

Abee, mwanangu! Nakuja!