Fomu Yangu Ndiyo Dawa ya Usingizi

Ndugu Mkurugenzi wa Utafiti,

Salamu, na pole kwa kikao cha jana. Nimesikia kwa mama wa chai, maana sisi wa mikataba hatualikwi, kwamba majaribio ya dawa ya usingizi yamekwama: waliomeza dawa walilala, na waliomeza vidonge vitupu visivyo na dawa nao walilala fofofo. Eti lawama ni zangu. Eti fomu ya ridhaa niliyoiandika, ambayo wote walipewa waisome kitandani, ifupishwe iwe ukurasa mmoja, nami nifungashiwe virago. Ndugu Mkurugenzi, kazi hii ndiyo inayonilisha, na nasema bila kuficha kwamba nimeumia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmenilaumu badala ya kunitunuku. Ikiwa makundi yote mawili yamelala, na kitu pekee walichopata wote ni fomu yangu, basi dawa ni fomu. Kidonge kilikuwa kinaisindikiza tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

2. Ushahidi ninao nyumbani. Mama mkwe hajapata usingizi wa maana tangu baba mkwe afariki. Juzi nilimsomea kifungu cha fidia, kwa sauti ya kawaida tu. Hakufika kwenye "isipokuwa pale ambapo". Alisinzia kikombe kikiwa mkononi. Mke wangu alilia kwa furaha, kisha naye akalala.

3. Dawa kali namna hii inagawiwa kiholela, bila kipimo! Mtu mzima apewe vifungu viwili baada ya kula. Wajawazito wasisogelee viambatisho. Dereva wa ofisi alitumwa kupeleka nakala moja, akaichungulia kwenye foleni ya taa. Gari liko gereji hadi leo.

4. Mfamasia ana koti jeupe. Mimi sina.

5. Mnamsema vibaya mfadhili kwamba amelikalia andiko letu la mradi tangu mwaka jana bila kujibu. Hajatudharau. Amelala. Andiko lile niliandika mimi, tena kwa moyo wote. Apelekewe nesi.

Kwa hiyo naomba fomu isajiliwe kama dawa na isipunguzwe hata nukta. Kuipunguza ni kuichakachua.

Nisalimie wa maabara, wa masjala, na mhasibu akiwa macho.

Wako katika vifungu na vijifungu,
Mwandishi wa Mikataba,
chumba cha mwisho, mkabala na choo.

N.B. Nimetoka masjala sasa hivi kuchukua fomu za washiriki niziambatishe kama ushahidi. Ukurasa wa mwisho, ule wa saini, ni mweupe kwa wote. Nesi anasema, "Mimi nilidhani walisaini kabla ya kukoroma." Kumbe hakuna aliyefika huko, na bila saini hakuna aliyeturuhusu kumpa hata kidonge kitupu. Yaani hatukuwa na washiriki, tulikuwa na wageni waliolala kwetu. Tafadhali ichane barua hii. Fomu ya ukurasa mmoja naileta kabla ya chai. Mahali pa saini nimepaweka juu kabisa.