Namlisha Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimemwona Habakuki. Kumwona tu! Kapita mbele ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, yuko juu ya bodaboda, kanipungia mkono kama mgombea. Hata kusimama hakusimama. Na huyu ni mtu niliyezaliwa naye kambi moja ya mkonge kule Hale, tukala sahani moja mpaka tukaota ndevu. Tangu achaguliwe mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Kilole, basi tena. Asubuhi mihuri. Mchana ugomvi wa mipaka. Jioni misiba ya watu. Jumapili, siku yetu ya kukaa kwangu na kunywa kahawa, eti anakagua mitaro!

Nikamfuata ofisini. Nikakuta nini? Denis, kijana wa chipsi, kamletea chipsi mayai. Habakuki anatafuna huku anagonga mihuri, mafuta yanadondokea barua ya mtu. Halafu akamwambia Denis kwamba yeye ndiye ndugu yake wa kweli. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Ndugu! Kwa chipsi! Kweli kipya kinyemi.

Nimemweleza mke wangu Chausiku. Akasema kama nina hamu na rafiki yangu, niende nikamwambie nina hamu naye. Wanawake bwana! Mwanamume mzima na mvi zangu nimwambie mwanamume mwenzangu nina hamu naye? Chakula kitasema kwa niaba yangu.

Jumanne, 4 Februari

Mpango wa kwanza: pilau. Chausiku kapika, mimi nimesimamia. (Yeye anasema nimesimama njiani.)

Nimeifikisha ofisini bado inafuka moshi. Mwenyekiti hayupo, kaenda kwenye msiba. Nikaiacha mezani, nikawaambia wanaosubiri barua kwamba hicho ni chakula cha mwenyekiti. Hapo ndipo nilipoteleza. Wao wakaelewa kimetoka kwa mwenyekiti. Wakanawa! Niliporudi kuchukua vyombo, bibi mmoja alikuwa anakwangua hotpoti. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanituma nimfikishie mwenyekiti shukrani zake, na kwamba siku nyingine pilipili ipunguzwe.

Jioni ukaja ujumbe wa simu kutoka kwa Habakuki. Nisipeleke tena chakula ofisini, watu wameanza kusema ananunua kura za uchaguzi ujao. Na ujumbe umeanza na "Ndg. Muhidini". Ndg.! Mimi! Kama tangazo la mkutano. Nimeumia, nasema kweli. Labda urafiki umeshakwisha na mimi ndiye sijaambiwa.

Jumatano, 5 Februari

Sikubali. Nimekwenda Handeni kwa dada yangu Mwaija. Mpango wa pili ni wa chakula cha utoto wetu: bada, ule ugali wa muhogo unaonata vidoleni, mchunga, mboga chungu kama dawa, na jogoo wa kienyeji. Wazee wa Habakuki walitoka mbali kuja kukata mkonge, lakini kwa bada yeye alikuwa Mzigua kuliko mimi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anampakulia yeye kwanza.

Mwaija akauliza nani anaumwa. Nikasema hakuna. Akauliza nani kajifungua. Nikasema hakuna. Akanitazama sana, akanifungia unga, akanishika mkono, akasema nikiwa tayari kusema, yeye yupo. Dada yangu mzima, ila ana mawazo.

Stendi ya Korogwe jogoo akachomoka kapuni. Nani kamkamata? Denis! Akanirudishia kwa mikono miwili na shikamoo juu. Ikabidi nishukuru. Nimekoma.

Ijumaa, 7 Februari

Stefania, mke wa Habakuki, kaingia kwenye mpango. Ananiita shemeji na anacheka kila nikifungua mdomo, lakini ni mtu mzuri. Kasema kesho mumewe anakwenda Hale kwenye kikao, atarudi mchana. Tutamshtukiza. Nitapika uani kwao, ili bada iwe ya moto.

Baada ya swala ya Ijumaa, kanzu bado mwilini, nikaanza kuhamisha vitu. Hotpoti. Sufuria kubwa la kuazima. Mikeka, maana bada inaliwa chini, haina meza. Turubai, maana jua la Korogwe halina adabu. Majirani wakatoka kuuliza kuna nini kwa mwenyekiti. Nikainamisha kichwa, nikasema jambo lipo, ila siwezi kulitamka mpaka mwenyewe afike. Nimetunza siri mpaka najishangaa! Hata Denis aliacha maswali. Akanishika bega, akasema pole sana mzee. Pole ya nini? Labda ya mzigo.

Jumamosi, 8 Februari

Mtume! Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niko uani kwa Stefania, chini ya turubai, napuliza kuni, macho mekundu kwa moshi. Wakaingia kina mama, kanga kiunoni, kimya, kila mmoja na mchele wake. Nikasema moyoni, mtaa huu una upendo! Wakaja wanaume na mabenchi. Akaja Denis na madumu ya maji. Kisha mama mmoja akamwangukia Stefania shingoni akilia. Stefania akadhani wamesikia habari mbaya za mumewe huko Hale, naye akaangua kilio. Mimi kumwona shemeji analia, nikalia. Hakuna aliyeuliza kafa nani. Nani aulize? Aibu! Kwenye benchi shehe na mzee wa kanisa walikuwa wanabishana kwa heshima nani aanze kuomba, kila mmoja akidhani maiti ni wa mwenzake.

Kumbe Denis kishapiga simu Hale. Na kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Kamwambia Habakuki arudi upesi, kuna tatizo kidogo nyumbani, halafu akataka kusema Muhidini yupo anaangalia mambo. Akafika kwenye jina langu tu. Mtandao ukakata.

Habakuki akaingia na muhuri wa mtaa bado mkononi. Karuka bodaboda haijasimama. Kampita mkewe. Kampita shehe. Kafika jikoni, kanikuta nimeshika mwiko. Akasimama. Akanitazama kama hanijui. Kisha akanikamata kanzu, akanitikisa kama anachekecha unga, machozi yanamtoka mbele ya mtaa mzima. Akasema alijua nimekufa. Akasema kutoka Hale mpaka hapa alikuwa anajiuliza kwa nini Jumatatu hakusimama. Akaniita mjinga. Akaniita Muhi, jina ambalo sijaitwa tangu mama azikwe. Halafu akauliza, sasa kafa nani?

Nikasema hakuna. Nimekupikia bada.

Stefania ndiye aliyecheka wa kwanza, akacheka mpaka akakaa chini. Shehe akasema Alhamdulillahi. Mzee wa kanisa akasema chakula kisiharibike. Wakala! Walimaliza jogoo, walimaliza bada, walimaliza hata mchunga, na huku wanakunja uso. Denis alirudia, akarudia tena, na kila akirudia ananiomba radhi.

Sisi tukabakiwa na ukoko. Tukachuchumaa kwenye sufuria, Habakuki na mimi, tunakwangua kwa mwiko mmoja. Alizima simu. Hakuna aliyethubutu kumwomba muhuri. Tulikaa hivyo mpaka alasiri. Kaniambia amechoka, kwamba kila mtu anamhitaji lakini hakuna anayemwuliza kama amekula. Nikamsogezea kipande kikubwa cha ukoko. Akasema kuanzia kesho kila Jumapili ni yetu, mitaro ijikague yenyewe. Na nikimtaka, nimwambie. Kwa mdomo. Nisipike kitu.

Jumapili, 9 Februari

Kaja! Mikono mitupu, na mimi sikupika. Kanywa kahawa, akaanza kunisimulia kesi ya mipaka, katikati ya sentensi akapitiwa na usingizi mkekani. Nikakaa pembeni namfukuzia nzi. Chausiku kapita, kanitazama, akaendelea na kazi zake. Sijawahi kuwa na Jumapili nzuri kama hii.

Jumatatu, 10 Februari

Kapita asubuhi. Safari hii kasimama, namsifu kwa hilo. Kasema tutaonana Jumapili. Akaondoka. Watu watatu wanamkimbilia na karatasi zao.

Nimekaa nikachambua mambo kwa akili. Kilichomtoa Habakuki Hale siyo bada. Bada alikuwa haijui! Ni hofu. Kosa langu lilikuwa ni kipimo tu: kifo ni kikubwa mno. Kinachotakiwa ni kitu kidogo, cha kumleta mtu mchana mmoja bila kukusanya mtaa. Mguu, kwa mfano. Nimefunga bandeji mguu wa kulia na kujilaza barazani. Denis nimemwambia kwa siri kubwa, nikamsisitiza asimwambie mtu yeyote kabisa. Kaondoka mbio.

Chausiku anasema mimi sina dawa. Anasema rafiki yangu kaahidi kuja Jumapili, tena na miguu yangu yote miwili mizima, na simu ninayo mfukoni, kwa nini nisimpigie tu?

Najua. Lakini leo ni Jumatatu.