Kisiwa cha Edelmira

Jumatatu, 9 Januari 1956

Leo nimegundua kisiwa! Nashukuru Mungu, nashukuru macho yangu, nashukuru hata tumbo langu lililonitoa nje mbio kabla wenzangu hawajaamka. Kimekaa pale katikati ya ghuba. Cheusi, kipana, kina kilima upande mmoja. Kwenye ramani hakimo. Nimeiangalia mara mbili, mara ya pili nimeigeuza juu chini. Hakimo!

Jana Kapteni Iturra, mkubwa wa kambi yetu, alitangaza mezani kwamba meli ya wachora ramani inakuja kutoka Punta Arenas. Kila pasipo na jina patapewa jina la Kichile, na atakayekuwa wa kwanza kupakanyaga ndiye atakayelichagua. Kwa heshima ya taifa, alisema. Nilipiga makofi kuliko wote.

Taifa ni taifa. Lakini kuna Onofre. Onofre amemwoa dada ya mke wangu, na kule mjini kwetu Castro amepewa mtaa. Mtaa Onofre Vidal! Unaanzia machinjioni na kuishia kwenye matope, lakini Krismasi ile aliutaja mezani mara nyingi kuliko Mtoto Yesu. Mke wangu Edelmira alinitazama tu. Mwanamume akitazamwa vile hujiandikisha kutunza ghala Antaktika.

Kisiwa Edelmira. Kitapendeza kwenye ramani. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 11 Januari

Nimemwambia Kapteni naenda kuhesabu sili. Akanisifu kwa bidii. Niliona haya, lakini hazikudumu.

Nafika katikati ya ghuba, nasikia makasia mengine. Zalazar! Ceferino Zalazar, fundi wa redio wa kambi ya Waajentina ng'ambo ya pili. Mnene, mcheshi, adui. Nikamuuliza anakwenda wapi. Kuhesabu sili, akasema. Nikamwambia sili wako kule ufukweni. Akaniuliza, basi wewe mbona unakuja huku?

Hapo tukavuta makasia bila adabu. Nilipoona ananishinda, nikavua buti la kulia nikalirusha kisiwani. Kisheria, nadhani, buti la Mchile ni mguu wa Chile. Likagonga changarawe, likateleza polepole kama linalofikiria, likaingia baharini. Zalazar akavua kofia kuliaga.

Ukungu ukashuka. Ikabidi wote wawili tugeuze kabla mtu hajakanyaga. Zalazar alinitazama mguu, akachomoa mfukoni soksi ya sufi, nyekundu, nzito, aliyofumiwa na mama yake kule Salta, akanirushia. Nimerudi na vidole vyote. Nashukuru kwa moyo wangu wote. Haibadilishi kitu: kisiwa ni cha Chile.

Ijumaa, 13 Januari

Upepo tangu jana. Mlango haufunguki. Nashukuru kuna jiko, na kuna Nolberto.

Nolberto Huichapai ndiye mpishi wetu, mtu wa Chiloé kama mimi, mjane. Aliniuliza mbona nimevaa soksi moja nyekundu. Nikanuia kukaa kimya. Kufika supu nilikuwa nimemweleza yote, hata habari za Onofre.

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Kaka Abelardo, hii nchi ina majina mengi kuliko watu! Sisi tunaiita Nchi ya O'Higgins. Wale wa ng'ambo, Nchi ya San Martín. Waingereza nyuma ya rasi wanaiita Graham. Kila mmoja anasema ni yake, na chumvi ikiisha kila mmoja anabisha hodi kwa mwenzake."

Nikamwambia ndiyo maana kuna haraka. Akatikisa kichwa. Kisha akanifungia empanada, zile sambusa zetu kubwa za nyama, kwenye kitambaa na kuniazima buti zake. Zinanipwaya kama ndoo. Watu wema kama huyu hawafai kuwa mbali na nyumbani kwao.

Nimechukua kopo la rangi nyekundu ghalani. Niliomba ruhusa kwa mtunza ghala. Nikajikubalia.

Jumapili, 15 Januari

Naandika kwa kalamu ya Mwingereza, nimevaa suruali ya Mwingereza, imeniishia chini ya kwapa. Niko hai. Asante Mungu. Asante Bikira Maria. Asante, sikutegemea kuandika hili, serikali ya Uingereza.

Nianze na jana. Upepo ulitulia, nikapiga makasia na bendera yangu, rangi yangu na empanada zangu. Nafika kisiwani, nani yuko juu ya kilima? Zalazar! Bendera ameshasimika. Hema ameshapiga. Ananipungia mkono kama mwenye nyumba.

"Karibu Argentina, jirani!"

"Mimi ndiye nikukaribishe," nikamwambia. "Umeingia Chile bila hodi!"

Akasema kisiwa kinaitwa Doña Ramona, jina la mama yake, na yeye alikiona tangu Jumapili. Nikamwambia mwongo. Akaniita mwizi wa visiwa. Nikasimika bendera yangu mbele ya hema lake, akashindwa kutoka. Akatokea upande wa nyuma. Tukapigiana kelele mpaka njaa ikatushika, na mimi ndiye niliyekuwa na empanada.

Mtu akila empanada ya Nolberto hawezi kuendelea kutukana. Tukapatana. Kaskazini Edelmira, kusini Ramona. Nikachora mpaka kwa rangi nyekundu, kutoka maji hadi maji. Ulipinda kidogo, kwa faida ya Chile. Zalazar akawasha jiko la mafuta atuchemshie maji ya mate, ile chai yetu chungu ya majani. Nilikuwa na furaha tele. Nilimwona hata Onofre, kwa mbali, akiwa mdogo kama dagaa.

Ndipo birika likaanza kuzama.

Sikuelewa. Jiko lilikuwa limekaa kwenye changarawe, na sasa lilikuwa limefika magoti. Zalazar akafukua kwa kisu. Changarawe ilikuwa nyembamba kama ukoko wa wali. Chini yake, barafu. Barafu ya buluu, tupu, hadi kisu kilipoishia.

"Jirani," akasema taratibu, "hiki si kisiwa."

Jabali la barafu! Chafu, limebeba mawe ya mlima lilikokatika, limekwama kwenye kina kifupi tangu sijui lini. Nikainua macho nitafute kambi yetu nijifariji. Haikuwa mahali pake.

"Zalazar, kambi yetu inaondoka!"

"Si kambi. Ni sisi!"

Maji makuu yalikuwa yametunyanyua. Tulikimbilia mashua. Jabali likaguna, likainama upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kulala, na kamba za mashua zetu zikakatika. Tulizitazama zikielea zote mbili pamoja, kwa urafiki, bila sisi.

Sitaandika yote niliyoyahisi. Nilipiga kelele. Nilimwomba Mungu kwa sauti. Niliahidi mishumaa ambayo Castro nzima haina. Zalazar hakupiga kelele. Aling'oa hema, akanifunika nusu na yeye nusu, akanipa mate ya mwisho iliyokuwa bado vuguvugu. Akanisimulia mama yake anauza humita, mahindi ya kusaga yaliyofungwa majani, sokoni Salta, na kwamba mama huyo hajui kusoma ila jina lake tu. Alitaka alione likiwa limeandikwa mahali pakubwa. Nikamweleza jinsi Edelmira alivyonitazama. Akasema kutazamwa huko anakujua. Chini yetu barafu ilikuwa ikipasuka kwa mlio kama wa bunduki, na kila mlio tulishikana mikono, kisha tukaachiana kwa aibu, kisha mlio mwingine.

Mkondo ukatuzungusha rasi, ukatuingiza kwenye ghuba ya Waingereza. Mashua ya mota ikaja mbio. Ndani yake alisimama Bwana Thistlewood, mkubwa wao, mrefu kama nguzo ya simu. Nililia kwa furaha. Akafika hatua chache kutoka kwetu, akazima mota, akatoa karatasi kifuani, akaanza kusoma.

Malalamiko rasmi! Kwa Kihispania chenye viazi vya moto mdomoni. Kwamba sisi mabwana wawili, pamoja na kisiwa chetu, tumeingia kwenye himaya ya Malkia bila kibali. Zalazar, meno yakigongana, akajibu kwamba maji haya ni ya Argentina tangu kuumbwa. Ikanibidi na mimi nimpinge huyu na nimpinge yule, kwa niaba ya Chile, huku soksi zangu zikiganda. Jabali likaguna tena. Bwana Thistlewood akaikunja karatasi vizuri, akairudisha kifuani.

"Hayo yamekwisha," akasema. "Sasa rukeni, upesi, jamani, upesi!"

Tuliruka. Alinidaka kwa ukosi kama paka anavyobeba mtoto wake. Hatujafika mbali, kisiwa kikapinduka. Kizima! Kama chapati kwenye kikaango. Bendera mbili, hema, mpaka wangu mwekundu, Edelmira na Ramona, vyote vikaenda chini, na juu ukaja upande mwingine, mweupe, safi, usio na jina. Wimbi lake nusura litupindue nasi.

Bwana Thistlewood akavua kofia. "Poleni kwa kisiwa chenu," akasema.

Wametupa supu, blanketi, chai yenye maziwa ya kopo na jemu ya machungwa chungu. Mashua zetu wamezinasa. Zalazar anakoroma kitanda cha juu. Ni kukoroma kuzuri. Nimeapa: sitatafuta tena kisiwa maisha yangu yote. Mke mwema, kazi ya ghala, vidole kumi. Mtu anataka nini tena?

Jumanne, 17 Januari

Nimerudishwa. Kapteni Iturra alinikumbatia kwa nguvu mpaka nikakohoa, akanishika mabega, akaniangalia vizuri kama niko mzima, kisha akanipa adhabu ya kufukua theluji mpaka mwisho wa mwezi. Nimeipokea kwa shukrani. Koleo lina mpini mzuri.

Nolberto hakunisema. Alinipakulia cazuela, supu yetu ya nyama na viazi, yenye kipande cha nyama ambacho hakikustahili kwenda kwangu, akasimama kunitazama nikila, akanipapasa kichwa kama mtoto, akarudi jikoni. Nilisikia akipenga kamasi.

Ijumaa, 20 Januari

Meli imefika! Mchora ramani ni luteni mpole mwenye miwani, jina lake Errázabal. Kapteni alimsimulia habari yangu. Luteni alicheka mpaka akafuta miwani, kisha, Mungu ambariki, akaniita. Akasema rasi ndogo iliyo nyuma ya ghala letu haina jina. Ni mwamba kweli, ameupima. Nikipenda, itaitwa Rasi Edelmira.

Asante, nilisema. Asante sana, Luteni. Kisha nikaitazama ile rasi kwenye ramani. Ndogo. Ndogo kama, sijui, mtaa.

Nikamuuliza kwa heshima kuhusu ule mlima mkubwa wa nyuma. Akasema mlima una jina tayari. Una matatu. Nikamwambia penye watatu wa nne hukaa. Akasema haiwezekani. Nikamuuliza je, nusu ya mlima? Je, ghuba? Je, bahari ina jina? Akaikunja ramani akaenda kula.

Huko mezani alikula cazuela, akaomba tena, akamwita mpishi amshukuru. Akamuuliza jina la mkewe. Marehemu Rosalba, alisema Nolberto. Luteni akafungua ramani palepale kando ya sahani, akaandika.

Rasi Rosalba.

Nolberto alikwenda kusimama dirishani akaiangalia mpaka uji ukaungua. Nilikula uji ulioungua, na nilikula wote. Sina kinyongo hata chembe. Nafurahi. Ni rasi nzuri, ina sili, ina jua asubuhi. Nimemwambia Nolberto nitaifukulia theluji bure.

Tena kutoka pale kwenye rasi, nimesimama leo na koleo langu, mtu anaona mbali. Kuna kitu kule kwenye upeo, upande wa magharibi. Kikubwa kuliko kile. Cheusi, kina vilima viwili. Nimekitazama tangu chakula cha mchana na hakijasogea hata kidogo.

Nimemwita Zalazar kwa redio. Kasema kilima cha kushoto ni cha mama yake. Nimemwambia tutakubaliana hukohuko.